Kabla ya Kuwasha Mashine

Watu wakizungumza juu ya kompyuta kuingia Pemba, kwa kawaida huanza na mashine zenyewe: ipi ilikuwa ya kwanza, ilikaa ofisi gani, nani aliigusa mwanzo. Mazungumzo hayo nimeyasikia mara nyingi barazani, Chake Chake na Wete, na kila msemaji ana mashine yake ya kwanza na ofisi yake ya kwanza. Ugomvi huo nawaachia wenyewe. Mimi nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu kuwafundisha vijana wa kisiwa hiki masomo ya mwanzo ya kompyuta, hasa wale wanaojitayarisha kwenda kusomea uhandisi, na kila ninapopata darasa jipya najikuta nalazimika kuwasimulia kisa ambacho ni kikongwe kuliko wao na kuliko wazee wa baadhi yao. Kisa chenyewe hakikuanzia Pemba wala Unguja. Kilianzia Dar es Salaam, katika Wizara ya Fedha.

Mwaka 1965, mwaka mmoja tu baada ya Muungano, wizara hiyo ilifunga kompyuta ya kwanza nchini Tanzania. Ilikuwa ni mashine ya Kiingereza aina ya ICT 1500. Kabla ya muongo ule kwisha ikaja nyengine kubwa zaidi, ya mfululizo wa ICL 1900, na hesabu za Serikali zikahamishwa kutoka katika mashine za zamani za uhasibu na kutiwa humo. Jambo hilo halikufanikiwa. Hesabu zilichelewa, nyengine zikatoka zimekosewa, fedha nyingi zikapotea, na mwisho wake wizara ikabidi irejee katika njia zake za awali. Waliozielewa mashine zile walikuwa wachache mno, na wengi wa wachache hao walikuwa wageni wenye mikataba ya miaka miwili mitatu. Mgeni akishafunga mizigo yake na kurudi kwao, karatasi ilitoka mashinini imejaa tarakimu, na hapakuwa na mtu wa kuiuliza: hii umeitoa wapi?

Ndipo mwaka 1974 ikatoka amri ya Serikali kuzuia kuingizwa nchini kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni. Aliyetaka mashine ilimbidi aombe ruhusa maalumu na aeleze haja yake. Wakati huo kompyuta zote za nchi nzima zilikuwa za kuhesabika kwa vidole, na wengi wa wananchi hata hawakujua kwamba kuna kitu kimezuiwa. (Sisi wa Visiwani tulikuwa na kichekesho chetu katika habari hiyo, maana televisheni ya Zanzibar, tena ya rangi, ilikwishaanza mwaka 1973, Bara walisubiri mpaka 1994 ndipo wakapata kituo chao cha kwanza.)

Nimewasikia wasomi wakiicheka amri ile ya 1974 kana kwamba ilitolewa na watu walioogopa mashine kama mtoto anavyoogopa kinyago. Mimi siicheki. Nadhani walioitoa waliuona ugonjwa vizuri kabisa. Waliona kwamba nchi imenunua majibu bila ya kuwa na watu wa kuyapima majibu hayo, tena kwa fedha za kigeni ambazo hazikuwepo. Dawa yao ndiyo iliyokuwa mbovu. Badala ya kuwafundisha watu ili waiweze mashine, waliiondoa mashine ili watu wasihitaji kufundishwa, na kizuizi hicho kikakaa, kikilegezwa kidogo kidogo, mpaka kikaja kukosa nguvu kabisa mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Sasa angalia, msomaji, tarehe zilivyogongana. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa Julai 1973, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Yaani nchi ilianza kuwasomesha wahandisi wake yenyewe, na haujapita hata mwaka mmoja na nusu ikafunga mlango wa chombo ambacho wahandisi wa dunia nzima walikuwa wanakikimbilia. Kwengineko wakati huo mwanafunzi wa uhandisi alikuwa akijifunza kuandika programu kwa lugha ya Fortran, iliyotoka IBM tangu 1957, akiitoboa mstari kwa mstari katika kadi zenye safu 80. Mwaka 1972 ilikuwa imekwishatoka kikokotozi cha mkononi cha HP-35, ambacho bei yake ilikuwa dola 395. Kwa mtoto wa mkulima wa Pemba wa miaka ile, dola 395 na dola milioni moja zilikuwa ni kitu kimoja.

Kijana wa Pemba aliyetaka ufundi njia yake ilijulikana. Alimaliza skuli hapa, akashuka Mkoani na begi lake, akapanda meli, na kwa miaka mingi meli hiyo ilikuwa ni MV Mapinduzi, akavuka kwenda Unguja kwenye Chuo cha Ufundi Karume pale Mbweni, ambacho siku hizi ndicho Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume. Waliofaulu zaidi walivuka tena maji kwenda Dar es Salaam, ama Chuo cha Ufundi, ambacho tangu 1997 kinaitwa DIT, ama Chuo Kikuu chenyewe. Ndani ya begi palikuwa na kanzu, kofia, mkate wa kumimina uliofungwa kwa karatasi, na vifaa viwili vya hesabu: kitabu cha logi cha tarakimu nne, na kwa aliyebahatika, rula ya kukokotolea.

Rula hiyo vijana wa leo hawaijui, na nikiwaonyesha hudhani ni kipimo cha fundi cherehani. Ni vipande vya mbao au plastiki vilivyopangwa pamoja, katikati pana ulimi unaoteleza, na juu yake pana kijidirisha cha kioo chenye mstari mwembamba. Tarakimu zake hazikupangwa kwa masafa yaliyo sawa. Zinabanana kadiri zinavyokwenda kulia, kwa sababu zimepangwa kwa logi. Ukitaka kuzidisha 2 kwa 3, unasogeza ulimi mpaka mwanzo wake ukae juu ya 2, kisha unatazama chini ya 3, na hapo utaikuta 6. Ukitaka kuzidisha 20 kwa 3 unafanya hivyo hivyo, na hapo hapo utaikuta 6. Na 0.2 kwa 300 pia ni hapo hapo. Rula haijui kama jibu lako ni 6, au 60, au 6,000. Kuweka nukta au sifuri mahali pake ni kazi yako wewe, na huwezi kuifanya mpaka uwe umekwishajua, kabla ya kuigusa rula, kwamba jibu linaelekea kuwa kiasi gani.

Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya kifaa kile, na ndiyo iliyowafanya wahandisi. Kila swali lilifanywa mara mbili: mara ya kwanza kwa kukadiria kichwani, ovyo ovyo, na mara ya pili kwa rula. Asiyekadiria alijenga daraja la tembo kwa ajili ya baiskeli, au kinyume chake.

Kwa vijana wa Pemba ada hii haikuwa ngeni hata kidogo, ingawa sidhani kama mwalimu yeyote wa uhandisi alipata kuwaambia hivyo. Tumekulia katika karafuu. Msimu ukifika, mchumaji hulipwa kwa pishi za karafuu mbichi alizokonyoa, na mwenye shamba huanika, akaanua, akaanika tena kwa siku kadhaa za jua, kisha akapeleka karafuu kavu kituoni kuuza kwa kilo. Katikati ya pishi ya mbichi na kilo ya kavu pana hesabu ndefu, na kila mwenye shamba anayo kichwani. Anajua kwamba kilo tatu za mbichi humpa kama kilo moja ya kavu, pungufu kidogo ikiwa mvua imemkuta jamvini, na anajua gunia lake litasoma kiasi gani kabla halijapandishwa mizanini. Nimewaona wazee wasiojua kusoma wakisimama mbele ya mizani wametulia, na mshale ulipokwenda mahali pasipostahiki walisema tu, "Hebu itazameni tena hiyo." Hawakuwa wakibishana na mizani. Walikuwa na jibu lao, na majibu mawili yalipokosa kupatana walijua kwamba pana jambo la kutafutwa.

Kwa hiyo nikisema kwamba kizazi kile kilichosoma uhandisi wakati wa kizuizi kilikuwa na upungufu, nataka nieleweke vizuri. Kilipungukiwa na mengi. Walihitimu wakajikuta wanafanya kazi pamoja na wageni waliokuwa wakipata kwa saa moja kile ambacho wao walikipata kwa wiki, na wengine waliona haya iliyowafanya wasiikaribie kompyuta hata ilipokuja, wakaiachia kwa makarani. Walichokuwa nacho ni mazoea ya kuitilia shaka tarakimu yoyote isiyopatana na akili.

Mashine zilipoanza kuja ziliingia kwa mlango wa biashara. Zanzibar ililegeza biashara yake kuanzia 1984, na Bara ikafuata. Wakati huo kompyuta ilikwishapungua kutoka ukubwa wa kabati hadi ukubwa wa sanduku la mezani. IBM ilikuwa imetoa ile yake ya mezani mwaka 1981, programu ya kuchora ya AutoCAD ikaanza kuuzwa mwishoni mwa 1982, na ile ya hesabu za safu na mistari ya Lotus 1-2-3 ikatoka 1983. Mashine kuukuu za namna hiyo ndizo zilizotufikia sisi, baada ya kuchoka kwengine. Mnamo katikati ya miaka ya 1990 tulipoanzisha darasa letu la jioni pale Chake Chake, katika chumba kilichokuwa stoo, tulikuwa na mashine nne na wanafunzi kumi na saba.

Nitasema machache juu ya darasa hilo, kwa sababu wale wanaoandika historia ya mambo haya husahau kwamba kompyuta ni kitu kinachokula umeme na kuchukia chumvi. Pemba wakati ule haikuunganishwa na gridi yoyote. Unguja walikuwa wakipata umeme wa Bara kwa waya wa chini ya bahari tangu 1980. Sisi tulikuwa tukitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na dizeli nayo ilitegemea meli. Umeme ulikuja kwa zamu, na ulipokuja haukutulia. Taa zilikuwa zikipumua. Kila mashine ilikuwa na sanduku lake la kusawazisha umeme, na masanduku hayo yalikuwa yakilia kama vyura. Unyevu ulitia ukungu ndani ya disketi, ukizitazama unaona madoa meupe juu ya utepe wa ndani, na disketi yenye ukungu ukiitia mashinini huambukiza kichwa cha kusomea. Tuliziweka ndani ya kopo la biskuti lenye makaa makavu. Sisimizi walipenda kibodi kwa sababu ya joto, au pengine kwa makombo ya vitumbua, jambo ambalo hakuna mwanafunzi aliyekubali kuhusika nalo.

Somo la kwanza, basi, halikuwa juu ya sehemu za kompyuta kama vilivyoandika vitabu. Lilikuwa ni kuhifadhi kazi. Umeandika mistari mitatu, hifadhi. Umetia tarakimu tano, hifadhi. Neno lenyewe lilikaa vizuri midomoni mwao, maana hifadhi wanaijua tangu utotoni katika dua. Baadaye, mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika mradi wa Kilinux walipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizoandikwa kwa Kiswahili, nilifurahi kuona juhudi ya kuyapa mambo haya majina yetu. Wenzetu wa Kenya walikuwa na tarakilishi yao. Sisi tumebaki na kompyuta, na sioni dhambi. Lakini tafsiri hazikudumu sana katika madarasa ya uhandisi, kwa sababu huko wanakokwenda masomo yote ni kwa Kiingereza, na mwanafunzi hana subira ya kujifunza kitu kimoja kwa majina mawili.

Wanafunzi wetu walipofika Unguja na Dar es Salaam walijulikana kwa tabia ya kuhifadhi kila dakika. Mmoja aliniambia wenzake walimcheka, mpaka siku umeme ulipokatika ukumbini usiku wa kuamkia kukabidhi kazi. Aliyenusurika alikuwa yeye na Mpemba mwenziwe.

Jambo lililonifanya nibadilishe mpango mzima wa somo langu lilitokea likizo moja, miaka kadhaa baadaye. Kijana mmoja aliyekuwa mwaka wa pili wa uhandisi alirudi nyumbani, na watu wa kijiji chao, upande wa Wete, wakamwomba awapigie hesabu ya tangi la maji walilokuwa wanataka kulijenga. Tangi la mviringo, upana wa mita 4 kutoka ukuta hadi ukuta, kimo mita 3. Walitaka kujua litachukua maji kiasi gani, ili wapange siku za kuwasha pampu na fedha za mafuta yake. Kijana alikuja kwangu kutumia mashine. Alitengeneza kazi nzuri ya kupendeza: safu zimepangwa, vichwa vya habari vimekolezwa, idadi ya watu 300, matumizi ya lita 25 kwa mtu kwa siku. Jibu likatoka: mita za ujazo 150.796, maji ya siku 20 na ushei. Akaipiga chapa na kuipeleka, nami nikafuatana naye kwa sababu palikuwa na maulidi jirani ya hapo.

Fundi mwashi wa kijiji, mzee wa makamo ya babu yangu, alisomewa karatasi ile. Akanyamaza. Kisha akainama akachora chini kwa kijiti pembe nne, na ndani yake akachora duara linalogusa pande zote.

"Mwanangu," akasema, "hili sanduku nne kwa nne, kimo tatu. Lina ngapi?"

"Arubaini na nane, babu."

"Na tangi lako limo ndani ya sanduku au liko nje?"

"Limo ndani."

"Basi vipi kilichomo ndani kizidi sanduku?"

Kijana alitazama karatasi, akatazama chini, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa, "Lakini babu, kompyuta imesema." Hakulisema kwa kiburi. Alilisema kwa mshangao, kama mtu aliyemwona mkweli wake anaongopa. Kumbe alikuwa ametia upana wote wa mita 4 pale palipotakiwa nusu yake. Jibu la haki ni mita za ujazo 37.7, na maji hayo ni ya siku 5. Lau wangelipanga mafuta ya pampu kwa kila siku 20, kijiji kingelikauka siku ya 6, na lawama ingelikwenda kwa tangi, kwa fundi, au kwa shetani.

Kilichonishughulisha ni mpangilio wa mambo. Kijana yule alikuwa hodari wa hesabu. Ungelimwuliza mdomoni juu ya lile sanduku la nne kwa nne angelikujibu kabla hujamaliza swali, kama alivyomjibu mzee. Tarakimu tatu baada ya nukta ndizo zilizomnyamazisha. Jibu la 150 angeliweza kulitilia shaka. Jibu la 150.796 lilikuja limevaa suti.

Wasomaji wengine watadhani haya ni mambo ya vijijini, ya nchi zisizokuwa na kitu. Tarehe 23 Agosti 1991, huko Norway karibu na mji wa Stavanger, jengo kubwa la zege lililokuwa liwe miguu ya mtambo wa gesi wa Sleipner A lilikuwa likijaribiwa katika maji ya Gandsfjorden, likizamishwa polepole. Ukuta wake mmoja ukapasuka, maji yakaingia kwa kasi kuliko pampu, na jengo lote likazama na kuvunjika vipande vipande chini ya bahari. Hapana aliyekufa, lakini hasara ilikadiriwa kuwa kiasi cha dola milioni 700. Uchunguzi ulionyesha kwamba kuta zilikuwa nyembamba mno, kwa sababu hesabu za kompyuta zilikadiria nguvu za kukata ukuta kwa upungufu wa asilimia 47. Mashine haikuharibika. Iliulizwa swali kwa kugawanya jengo vipande vikubwa mno na vyenye umbo baya pale penye kona, nayo ikajibu kama ilivyoulizwa. Hesabu ziliporudiwa kwa uangalifu zilionyesha kwamba ukuta ungelivunjika kwenye kina cha mita 62. Ulivunjika kwenye mita 65.

Hawa ni Wanorway, mafundi wa bahari wasiokuwa na upungufu wa mashine wala wa wataalamu. Wizara ya Fedha ya 1965 haikuwa na watu wa kuyapima majibu. Wao walikuwa nao tele, na yaliwapita vilevile, kwa kuwa karatasi ilikuwa nzuri.

Nawataja Wanorway bila ya uadui, kwani ndio waliotoa sehemu kubwa ya fedha za waya wa umeme uliotuunganisha sisi na Tanga. Waya huo wa kilovolti 33, urefu wake zaidi ya kilomita 70 chini ya mkondo wa Pemba, ulizinduliwa Juni 2010. Miezi michache kabla ya hapo Unguja ilikuwa kizani kwa muda wa miezi mitatu, tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, baada ya umeme wao kukatika, na kabla yake wiki nne nyengine mwaka 2008. Na sisi wenye majenereta yetu ya Wesha yenye kupumua tulikuwa tunawasha taa. Wapemba walikuwa na la kusema msimu ule. Lakini waya ulipofika tulishukuru, na masanduku yale ya vyura yakaenda stoo.

Tangu hapo mambo yamekwenda mbio. Vitongoji pana kituo cha mafunzo ya amali, vijana wanakuja darasani na kompyuta za mapajani za kwao wenyewe, na simu iliyo mfukoni mwa mwanafunzi wangu ina nguvu zilizozidi mashine zote zilizozuiwa mwaka 1974 zikiwekwa pamoja. Siku hizi hata fomula hawaiandiki. Wanaiuliza programu kwa maneno, nayo inawajibu kwa sentensi zenye adabu na yakini, na jibu la kosa huja na adabu ile ile ya jibu la haki.

Kwa hiyo somo langu la mwanzo hufanywa mashine zikiwa zimezimwa. Natoa vitu kumi: tangi, boriti, waya, gunia la karafuu, paa la msikiti. Kila mwanafunzi aandike kwa kalamu anadhani jibu ni kiasi gani, kwa tarakimu moja tu na sifuri zake, na atie saini. Ndipo huwasha. Majibu yakipatana tunaendelea. Yakikhitilafiana, hapana ruhusa ya kuendelea mpaka ajue ni yupi kati yao aliyekosea, yeye au mashine, na kwa nini. Siku mbili za mwanzo wanachukia. Wanahesabu kwamba nimewapotezea muda, na mwalimu mwenzangu mmoja, kijana mwenye elimu kunishinda, amenikabili akaniambia kwamba ninatamani enzi za logi kwa sababu ndizo zilizokuwa za ujana wangu, na kwamba wenzetu wa kwengine hawakai kuchora masanduku chini, wanasonga mbele.

Nimelifikiri neno lake, na sehemu yake nimeikubali. Sizitamani logi. Kuzitafuta tarakimu katika vile vitabu kwa taa ya chemli kulinichosha macho, na hakuna sauti niliyoifurahia kuliko ile ya mashine ya kwanza kumaliza kwa sekunde moja kazi ya usiku mzima. Wala sikubali kwamba kijana wa Pemba acheleweshwe tena hata kwa siku moja; tumecheleweshwa vya kutosha, mara kwa amri, mara kwa dizeli. Ninalombishia ni hesabu yake ya muda. Zoezi langu huchukua siku mbili. Kijiji kile kingelipata shida kila mwezi, kwa maisha yote ya tangi.

Mwenzangu huyo bado hakubaliani nami, lakini mwaka jana alikuja kuazima karatasi yangu ya vitu kumi, akaongeza viwili vyake: kisima, na deni la benki.

Rula yangu ya zamani imepotea kijidirisha chake cha kioo. Mtoto wa ndugu yangu aliyepata nafasi Mbweni aliiona juu ya kabati akauliza ni nini, nikamwonyesha 2 kwa 3. Akajaribu 20 kwa 3, akaona ulimi umekaa pale pale, akaigeuza nyuma kutafuta zimeandikwa wapi sifuri. Nikamwacha atafute. Alivuka nayo, imefungwa ndani ya kanga ya mama yake, chini ya kompyuta.